Kaskazini Iko Chini

Chabane hakuwa mtu mbaya, na heri lisemwe mapema kabla hamjamchukia. Alikuwa mwalimu wa fizikia mjini Mutsamudu, kisiwani Nzwani, wa kuamkiwa "Fundi" kutoka bandarini hadi njia ya kupandia Patsy, maana visiwani humo fundi ni mtu anayefundisha. Miaka nenda miaka rudi alisimama mbele ya ubao na rula yake ndefu ya mbao, akachora mishale safi isiyotetereka, na hakuna aliyewahi kuinua mkono na kusema, Fundi, hapo umekosea. Mtu akikaa muda mrefu bila kukosolewa huanza kudhani kwamba hakosi. Chabane alikuwa amefika hapo, tena alikuwa amepazoea.

Kisha akaja Yassir.

Yassir alikuwa mwanyumba wake, yaani wawili hao walikuwa wameoa ndugu wa tumbo moja: Chabane alimwoa Moinaecha, mkubwa, na Yassir akamwoa Rahmati, mdogo wake. Kijana huyu naye alikuwa mwalimu wa fizikia, mzaliwa wa Mutsamudu, ila kazi yake ilikuwa Moroni, mji mkuu ulio kisiwa kingine, na kwa mkewe alikuja wakati wa likizo tu. Mtu wa likizo hamsumbui mtu. Lakini ndiyo ile miaka kisiwa cha Nzwani kilipojitangazia kwamba hakitaki tena kuwa chini ya Moroni. Mwezi wa Aprili vijana wa Moroni wakamwagika mitaani kuwasaka Wanzwani, wakiwatambua wanaume kwa matamshi yao na wanawake kwa shiromani zao nyekundu, zile nguo za kujitanda za Kinzwani, wakawafukuza mpaka melini. Waliokimbia waliokoa magodoro, masufuria, vyerehani. Yassir aliokoa kompyuta. Aliteremka bandarini Mutsamudu na shati moja mwilini, amekumbatia kioo kile kizito kilichoviringishwa blanketi, na mji mzima ukamwona.

"Maskini," walisema watu. "Amepoteza kila kitu na bado anawafikiria watoto wa wenzake wasome."

Hakuna aliyesema hivyo juu ya Chabane, ambaye watoto wa wenzake alikuwa akiwasomesha siku zote bila blanketi wala kioo. Kipya kinyemi, ingawa kidonda.

Mutsamudu mwenye nyumba ni mwanamke. Baba humjengea binti yake, na mume huhamia na sanduku lake la nguo. Mzee Boina, mfanyabiashara wa karafuu, aliwajengea binti zake nyumba mbili zilizopakana ukuta kwa ukuta, na kila alasiri aliketi barazani kwa Moinaecha kunywa kahawa. Mkono wake wa kulia palikuwa mahali pa Chabane, mkwe mkubwa, na hata paka wa nyumba ile alijua. Sasa mzee akaanza kumwita Yassir aketi karibu, awape habari za Moroni, na huko karibu kukawa ni kulia. Chakula kikiletwa, paja la kuku lilimwendea Yassir kwa kuwa ametoka katika dhiki. Chabane alipata bawa, akasema alhamdulillahi, akalitafuna mpaka mfupa ukalia.

Haya yote angeyameza. Hakuyameza vizuri, lakini angeyameza. Lililomkaa kooni lilikuwa la Nourhane.

Nourhane alikuwa binti yake wa pekee, na mwaka ule alikuwa anamaliza sekondari. Mwezi wa Agosti ungefanyika Moroni mtihani wa mdomo wa kuchagua vijana wachache wa kwenda Antananarivo kusomea uhandisi. Moroni ilikuwa ikishikilia kwamba visiwa bado ni nchi moja, kwa hiyo haikuweza kuwafungia mlango watoto wa Mutsamudu, hata kama iliwanunia. Nourhane aliitaka nafasi ile kuliko kitu chochote, na babaye aliitaka kumshinda, maana alikwisha kujisikilizia kichwani yatakayosemwa na watu: yule ni mtoto wa Fundi, kafundishwa na babaye mwenyewe.

Msichana alikuwa mwepesi katika kila somo isipokuwa kujumlisha vekta, ile mishale inayoonyesha nguvu na upande inakoelekea.

"Baba," alisema, "tishari la mizigo linavutwa na kamba mbili. Moja kwa nguvu ya mia tatu, ya pili mia nne. Kwa nini jumla si mia saba?"

"Kwa sababu hazivuti upande mmoja, zimeachana kwa pembe mraba."

"Najua. Lakini zile mia mbili zilizobaki zimekwenda wapi?"

"Hazikwenda mahali. Chora ubavu huu, chora na huu, kamilisha msambamba, pima mstari wa katikati. Mia tano. Kariri."

Nourhane alikariri. Alipata jibu sahihi kila mara na hakuliamini hata mara moja, na babaye alimwona usoni kwamba haliamini, akazidi kumchorea misambamba mizuri zaidi.

Miezi ile umeme wa mji ulikuja alasiri na kuondoka kabla ya isha. Nyumba ya Rahmati ilikuwa haijawekewa nyaya, hivyo kompyuta ilikula umeme wa Moinaecha kwa waya mrefu uliochomekwa barazani kwake, ukapita dirishani na kuingia kwa jirani. Siku moja Chabane alikuwa anatoka msikitini akasikia kicheko upande wa pili wa ukuta. Alikijua kicheko kile. Alikipata alipomfundisha Nourhane kusoma saa, akakipata tena alipomfundisha kugawanya, na ndicho kilichokuwa mshahara wake wa kweli duniani. Akasogea mpaka mlangoni kwa Rahmati, akasimama kimya kama mwizi.

Binti yake alikuwa amekaa mbele ya kompyuta, kipanya mkononi. Kwenye kioo palikuwa na mshale wa buluu na mshale mwekundu. Aliushika ule mwekundu, akaukokota mpaka mkia wake ukagota kwenye ncha ya ule wa buluu, na papo hapo mshale wa kijani ukachomoza wenyewe, kuanzia pale wa kwanza ulipoanzia hadi pale wa pili ulipoishia.

"Huo wa kijani ndio jumla," alisema Yassir. Alikuwa amesimama mbali, mikono nyuma. "Sasa ishike ncha ya mwekundu uizungushe polepole. Usitazame mishale, tazama namba."

Nourhane akazungusha. Mishale ilipoelekea upande mmoja namba ilisoma mia saba. Alipoanza kuiachanisha, namba ikateremka; ilipofika pembe mraba ikasimama mia tano; alipozidi kuzungusha mpaka mwekundu ukaelekea kinyume na wa buluu, jumla ikanywea ikawa mia moja. Akarudisha. Akazungusha tena. Mshale wa kijani ulirefuka na kufupika mkononi mwake.

"Kumbe hakuna kilichopotea!" alipiga ukelele. "Nilikuwa najumlisha urefu, kumbe ninajumlisha safari! Anayekwenda huku kisha akakata kule hafiki mbali kama aliyenyoosha."

"Basi," alisema Yassir. "Umemaliza somo."

"Baba mdogo, niongezee mwingine! Niongezee mishale mitatu!"

Alimwita baba mdogo kwa sababu mume wa mama mdogo ndivyo anavyoitwa, na hapana adabu iliyovunjwa. Lakini Chabane pale mlangoni alisikia neno baba peke yake. Moyo ulimchoma. Muda wote ule amemchorea mtoto misambamba kwa jasho lake, na kijana huyu hakuchora hata mstari, mikono ameiweka nyuma, akavuna kicheko. Alirudi nyumbani akamwambia mkewe kwamba kichwa kinamuuma, na kweli kilikuwa kinamuuma.

Tangu hapo akawa anatega sikio ukutani kila alasiri. Akisikia kimya alifurahi, akisikia kicheko alikunja uso. Darasani kwake akapiga marufuku kutaja kompyuta. Wanafunzi wakajua, wakanong'ona, na mjini hakuna linalonong'onwa likafika mwisho wa barabara bila kukua.

Siku moja Mzee Boina akasema naye anataka kuiona hiyo mishale inayotembea. Wakakusanyika kwa Rahmati: mzee kitini na kikombe chake, Nourhane na wasichana wenzake wawili mbele ya kioo, na Chabane akajitia hamnazo, akasimama kwenye kizingiti kama mtu anayepita tu.

"Tumfanyie Bakoko mfano wa bandarini," alisema Yassir, maana bakoko ni babu. "Tishari linavutwa na kamba kuelekea kaskazini. Nourhane, mchoree."

Nourhane akashika mshale, akaushusha moja kwa moja chini.

Yassir akatabasamu. "Kaskazini, mwanangu. Hapo umekwenda kusini."

"Ndiyo, kaskazini," alisema Nourhane, na mshale akauacha pale pale.

"Haya, mwenzako ajaribu."

Mwenzake akashusha chini. Wa tatu akashusha chini vilevile, tena upesi, akashangaa kwa nini anaulizwa jambo jepesi hivyo.

Hapa panataka maelezo kidogo. Mutsamudu ina mlima upande mmoja na bahari upande wa pili. Mlimani ni juu, baharini ni chini, na hakuna mtoto anayefundishwa hilo. Miguu yake humwambia. Bahari hiyo iko kaskazini, na kibla kiko huko huko, ng'ambo ya bahari. Sasa ubao wa darasa la Chabane ulitundikwa kwenye ukuta wa upande wa mlima. Tangu siku ya kwanza aliandika kusini juu ya ubao, kunako mlima, na kaskazini chini, kunako bahari, mashariki akaiweka kushoto ilikostahili. Kila kitu kilikaa mahali pake. Mafungu kwa mafungu ya vijana wa mji yalipita mikononi mwake yakichora hivyo, wengine leo ni makarani na wengine ni mabaharia, na Mwenyezi Mungu peke yake ndiye ajuaye hao mabaharia walifikaje.

"Nani amewafundisha kwamba kaskazini iko chini?" aliuliza Yassir, bado anacheka.

Macho ya wasichana yakaenda mlangoni, na ya Yassir yakafuata, na kicheko kikamkatikia.

Lakini Mzee Boina alikuwa amesafiri ujanani mwake, ramani alikuwa ameziona, akacheka naye, hajaelewa bado ni nani anayechekwa. Alipoelewa akazidi kucheka mpaka kahawa ikamwagikia kanzu. "Mkwe wangu! Kumbe ulimwengu umeupindua wewe, na sisi tunailaumu serikali!"

"Samahani, mwanyumba," alisema Yassir. "Wallahi sikujua kwamba..."

"Kibla kiko wapi?" aliuliza Chabane.

"Baharini."

"Na bahari iko juu au iko chini?"

"Iko chini, mwanyumba, lakini kwenye karatasi, dunia nzima imekubaliana..."

"Mimi siishi kwenye karatasi," alisema Chabane, akawapa kisogo, akaondoka.

Kwa nje lilikuwa jibu zuri, na kwa ndani alikuwa anawaka. Angekosolewa na mkaguzi kutoka Paris angevumilia. Kukosolewa na mla mapaja ya kuku, mbele ya mkwewe na mbele ya mtoto wake, hilo lilimpita kimo.

Kesho yake alasiri umeme ulipokuja, alitazama huku na huku barazani, akainama, akachomoa ule waya.

"Umeme umekatika!" Rahmati aliita kutoka upande wa pili.

"Kwetu upo!" Moinaecha akajibu kutoka jikoni, akatokeza na upawa mkononi. Akautazama waya sakafuni. Akamtazama mumewe. "Fundi, waya umetoka."

"Umetoka."

"Umejitoa wenyewe?"

"Waya ule ni wa hatari," alisema Chabane. "Siku moja utaichoma nyumba."

"Nyumba ya nani?" aliuliza Moinaecha, kwa upole kabisa.

Mwanamume wa Mutsamudu akiulizwa swali hilo ana njia mbili: kunyamaza au kwenda kutafuta sanduku lake. Chabane akafyata ulimi. Mkewe akainama, akauchomeka waya mwenyewe, na upande wa pili kompyuta ikasikika inaguna kuamka.

"Una wivu," alisema.

"Nimwonee wivu yule? Ana nini yule?"

"Laiti ungenionea wivu mimi, ningejivunia kidogo," alisema Moinaecha, akarudi kwenye sufuria lake.

Agosti ikafika. Yassir asingeweza kumsindikiza Nourhane, maana Moroni walikuwa wanamjua kwa sura na kwa mtaa, na Chabane alifurahi, na furaha ile haikuwa nzuri, naye alijua. Siku ya safari walisindikizwa na nyumba zote mbili hadi bandarini. Nourhane aliiacha shiromani yake kwa mama yake, akajifunga leso ya kawaida ili Moroni wasimtambue. Kwenye ngazi ya meli Yassir akamshika bega.

"Huko watakuwa na ramani ukutani. Kumbuka, kaskazini juu."

Ni wosia wa mtu anayemtakia mtoto heri. Chabane aliusikia kama kofi.

Meli ilipokwisha kutoka na kisiwa kikaanza kuzama kwenye ukungu, alikaa karibu na binti yake. Alianza kwa kuzunguka, akauliza kama amekula, akauliza kama hasikii kichefuchefu. Kisha akasema, "Wakikupa ubao, chora kama nilivyokufundisha mimi. Si kama kile kioo."

Nourhane alimtazama. "Na wakisema nimekosea?"

"Waambie baba yako ndiye aliyekufundisha."

Alikunja mikono mapajani. "Ewa, Baba," alikubali.

Na msidhani Chabane alikuwa mjinga. Ramani alizijua. Alijua watahini wataitaka kaskazini juu, na kwamba anayewania nafasi chache kati ya vijana wengi hawezi kuanza kwa kuchekwa. Wivu ulikuwa umemfikisha mahali ambapo aliona heri mtoto akose kwa mkono wake kuliko apate kwa mkono wa mwingine. Hilo hakulisema hata moyoni kwa maneno kamili, lakini ndilo alilolitaka, na alilipata: mtoto amekubali.

Walifikia Ikoni, nje kidogo ya Moroni, kwa Soidri, rafiki yake wa tangu masomoni. Soidri aliwapokea vizuri, akafunga dirisha kwanza ndipo akawakumbatia. Asubuhi akawapakia kwenye teksi ya kwenda Moroni na kuwapa nasaha moja. "Njiani muwe bubu. Mkifungua mdomo tu, Mutsamudu yote inatoka."

Wakawa bubu. Chabane alikaa mbele akitazama barabara, Nourhane nyuma kati ya wanawake wawili waliozungumza habari za harusi. Mmoja alimuuliza neno, msichana akatabasamu na kugusa koo, kama anayeumwa.

Chumba cha mtihani kilikuwa ghorofa ya chini, madirisha yote wazi kwa ajili ya joto, na wazazi waliruhusiwa kukaa kwenye varanda ilimradi wasitoe sauti. Chabane akajibanza karibu na dirisha. Watahini walikuwa watatu, na aliyekaa katikati, mtu mnene mwenye miwani, ndiye aliyeuliza, kwa Kifaransa cha kutafuna.

"Tishari linavutwa na kamba mbili. Moja kuelekea kaskazini, nguvu mia tatu. Nyingine kuelekea mashariki, mia nne. Tuchoree jumla yake."

Chabane alikaribia kucheka. Swali lenyewe! Nourhane akachukua chaki, akageuka, macho yake yakapita dirishani yakamwona babaye. Kisha akachora mshale wa kwanza, akaushusha moja kwa moja chini, na kwenye ncha akaandika herufi ya kaskazini. Kutoka kwenye ncha ile ile akachora wa pili kuelekea kushoto, akaandika mashariki. Msambamba hakuchora. Alikuwa ameunga mkia kwenye ncha, mtindo wa kioo, lakini bahari ameiweka chini, mtindo wa babaye. Akauunga mwanzo na mwisho kwa mshale wa tatu. "Mia tano," alisema.

Mtahini alivua miwani. "Bibi, huko kwenu mmejitenga na sisi, haya. Na kaskazini nayo mmeihamisha?"

Wenzake wakaangua kicheko, na mmoja akapiga meza.

Chabane aliufahamu ule mcheko. Ndio aliochekwa na Mzee Boina, lakini safari hii ulikuwa umemwangukia mtoto wake, katika mji ambao hakuthubutu hata kusema sabalkheri ndani ya teksi. Aliona mgongo mwembamba wa Nourhane mbele ya ubao. Aliona nafasi ya Antananarivo inaondoka. Akashika ukingo wa dirisha. Juu, mwanangu, alitaka kupiga kelele, kaskazini iko juu, futa, sema ni mimi niliyekosea! Lakini anayesaidiwa kutoka nje hufukuzwa. Nimemuuza mtoto wangu, aliwaza, nimemuuza kwa paja la kuku.

Nourhane aliwangoja wamalize kucheka.

"Bwana, kaskazini ni kwenye kibla," alisema. "Kwetu kibla kiko baharini, na bahari iko chini ya mji. Mnaposali hapa Moroni mnaelekea huko huko, na sijamwona mtu anayesali akitazama dari."

Mtahini mmoja akakohoa. Yule mnene hakucheka tena.

"Tena nimeandika kila upande jina lake," aliendelea. "Kaskazini nimeigeuza, na mashariki nimeigeuza pamoja nayo. Ningegeuza moja nikaacha ya pili, hapo ningekosea. Ukigeuza ubao mzima, mishale yote inageuka, na jumla inageuka pamoja nayo. Urefu ni ule ule, na pembe yake na kaskazini ni ile ile." Akahamia upande wa pili wa ubao, akauchora upya, kaskazini juu, mashariki kulia, haraka, mkono wake ukikokota hewani kabla ya chaki kugusa. "Mia tano. Pimeni pembe zote mbili."

Mtahini akainuka na kipimapembe, akapima kulia, akapima kushoto, akiinamisha kichwa kwa upande mpaka miwani ikataka kuanguka. Akasimama wima.

"Nani amekufundisha haya?"

Nje ya dirisha Chabane aliacha kupumua. Kwenye meli alimwambia la kujibu.

"Baba yangu alinifundisha kuchora," alisema Nourhane. "Hili la kugeuza nilionyeshwa na baba mdogo, kwenye kompyuta. Kulikuwa na siku baba alichekwa kwa sababu ya kaskazini, akaondoka kwa hasira. Mimi nikamuuliza baba mdogo, ina maana baba hajui? Akaushika mchoro wote akauzungusha mbele yetu, mbele ya babu pia, mpaka juu kukawa chini. Akasema, hesabuni tena. Tukahesabu. Akasema, mnaona? Fundi hajakosea. Amekaa tu upande wa pili wa meza. Anayemcheka Fundi hajui vekta ni nini."

Watahini wakatazamana, na vichwa vikatikisika kukubali.

"Antananarivo kuna baridi," alisema yule mnene, akaandika kitu kwenye karatasi yake. "Mwambie mama yako akutafutie sweta."

Nourhane alitoka amekumbatia mikono yake, hajui acheke au alie. Babaye alimpokea, akamshika kichwa kwa mikono miwili, akamwombea dua kwa sauti ya chini, na machozi aliyoyatoa yalikuwa ya furaha ya kweli. Hakuna wa kumnyima hilo. Alikuwa karibu kumpoteza mtoto kwa ujinga wake, na amerudishiwa.

Walitembea kuelekea kwenye kituo cha teksi za Ikoni. Jua lilikuwa kali na mitaa imejaa, nao wakawa bubu tena kama walivyoagizwa. Na katika ububu ule Chabane aliliona lile jambo likimjia, akajaribu kulikwepa, likamkuta. Angesimama mlangoni kidogo tu siku ile, angemsikia Yassir akimtetea. Yeye alichomoa waya, na mwenzake alikuwa amekwisha kumsafishia jina mbele ya mkwewe, na hakuja hata kumwambia. Laiti kijana yule angekuwa mtu mbaya, angemchukia kwa raha zake. Sasa hata hilo limemtoka. Amezidiwa kwa kioo, amezidiwa kwa paja, na amezidiwa kwa wema, na huu wa mwisho ndio uliouma kuliko yote.

Nourhane akasogea karibu yake, akanong'ona wasisikiwe na wapita njia. "Baba, ulisikia niliyosema mle ndani?"

"Nilisikia."

"Yote?"

"Yote." Akatembea kidogo. "Usimwambie baba mdogo wako kwamba nilisikia."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu atafurahi," alisema Chabane.

Nourhane akasimama katikati ya njia, akamtazama. Aibu ikampanda babaye mpaka masikioni, lakini hakuyarudisha maneno yake, akamwita kwa mkono, wakaendelea kutembea.